Picha Kando ya Kisima cha Nne

Mpimaji wa maji alikuwa mkweli kupita kiasi. Hata mkewe akimuuliza kama chai imekolea sukari, alijibu, "Huenda." Mtaani wakamwita Bwana Huenda, naye hakukasirika, aliona ni jina la kisayansi.

Wiki hiyo alikuwa na habari nzito. Kisima cha nne, nyuma ya karakana ya betri chakavu, kilikuwa na madini ya risasi, na madini hayo huharibu ubongo wa watoto. Akamwita mwandishi wa gazeti, akaanza kumsomea ripoti ya kurasa kumi na nne. Kufika ukurasa wa tatu, mwandishi alikuwa akipiga miayo waziwazi.

"Mzee, kwa kifupi. Maji ni salama au si salama?"

"Kuna viashiria vya kuzidi kiwango, ingawa sampuli..."

"Basi, nitaisoma mwenyewe. Simama pale kisimani nikupige picha."

Jua lilikuwa kali. Mpimaji akatoa chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani, akapiga funda. Mwandishi naye akapiga picha.

Kesho yake gazeti likatoka. Nusu ukurasa mzima ni mtaalamu kando ya kisima cha nne, anakunywa, uso umemkunjuka kwa raha. Onyo la sumu liko chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kufika saa mbili asubuhi, foleni ya ndoo ilikuwa imegusa barabara. Hata wateja wa kisima cha pili walikuwa wamehama.

Mpimaji akaja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Mbele kabisa alisimama mama mkwe wake, amembeba mgongoni kitinda mimba wa mpimaji, na ndoo yake imeshajaa.

"Shikamoo, mama. Usiyachukue hayo maji!"

"Marahaba, baba. Mbona wewe umeyanywa? Au matamu ni ya wasomi tu?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Tutayachemsha!" mtu akapaza sauti.

"Kuchemsha, kwa mujibu wa vipimo, huenda..."

"Huenda zako zipeleke ofisini!" mama mkwe akamkata. "Mwanao huyu hapa. Utampa haya maji, au humpi?"

Mpimaji akamtazama mtoto, anayetafuna ukosi wa bibi yake bila wasiwasi wowote. Ukweli wake haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuufukia katika kurasa kumi na nne, na hilo lilikuwa lake, si la gazeti peke yake.

"Simpi," akasema. "Hata yakichemshwa. Sumu ya betri haitoki kwa moto. Choteni kwenye kisima cha pili."

Mama mkwe akaimwaga ndoo palepale. "Mmesikia?"

Foleni ikageuka mzimamzima. Wa mwisho wakawa wa kwanza, na ugomvi wa nafasi ukawaka hapohapo.

Mwandishi akatokea akihema. "Mzee, rudia hayo maneno niandike!"

Mpimaji akafunika kisima, akakalia kifuniko, akakunja mikono kifuani.

"Andika kwanza," akasema. "Herufi kubwa. Ukimaliza, nipige picha hivi nilivyo."