Alama Moja ya Topista Nabifo

Kila mwaka chuo kikuu kinapotangaza alama za kuingilia, Topista Nabifo husoma mstari wa udaktari kwanza. Gazeti si lake. Huletwa na Geresom, askari magereza anayeishi nyuma ya duka la dawa la Topista pale Nalufenya, Jinja, akishamaliza kurasa za mpira.

"Dokta, mwaka huu umepita?" humuuliza.

"Mimi si dokta, afande. Mimi nesi."

"Nimeuliza kama umepita tu."

Geresom anaijua habari hiyo, na mtaa mzima unaijua. Topista alizaliwa Busiu, akafanya mtihani wa kidato cha sita mjini Mbale mwishoni mwa 1988. Vita vilikuwa Teso, eneo la jirani, lakini waliovikimbia walikuwa Mbale. Familia kadhaa zililazwa shuleni kwao, katika maabara ya kemia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maji ya bomba. Muhula mzima hakuna msichana aliyegusa bureti wala chupa ya asidi. Karatasi za nadharia Topista alizifanya vizuri sana. Ile ya vitendo ikamshusha gredi, na matokeo yalipojumlishwa, alikuwa amepungukiwa alama moja kuingia udaktari.

Hawalaumu wale watu. "Mle ndani kulikuwa na vichanga," anasema. "Ungewatoa uwapeleke wapi, na nje mvua?"

Akaja Jinja kusomea unesi. Mwaka wa 1990 chuo kikuu kikaanza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu. Alisikia redioni akipiga pasi sare yake. Jumamosi iliyofuata alikuwa Mbale, mbele ya Bwana Gidudu, mwalimu wa taaluma wa shule yake ya zamani.

"Nabifo, nyongeza hairudi nyuma," alimwambia. "Ni ya wenye matokeo mapya. Fanya mtihani tena. Maabara sasa ni yetu."

"Lini, mwalimu?"

"Novemba."

Wiki hiyo hiyo ya Novemba ulikuwepo mtihani wake wa unesi. Angeukosa, nafasi yake Jinja ingekwenda kwa mwingine, na udaktari haukuwa na hakika. Gidudu alimpeleka aione maabara. Meza zilikuwa zimepakwa rangi upya. Topista alifungua bomba moja, akayatazama maji, akalifunga.

Novemba alikuwa Jinja.

Tangu hapo hesabu yake ni ile ile: alama zake za zamani, ongeza moja na nusu. Kwa miaka mingi alipita. Lakini amani ilirudi, shule zikaimarika, watoto wakafaulu zaidi, na kiwango kikazidi kupanda. Mwaka huu aliliinamia gazeti kwenye kaunta kwa muda.

"Nimeanguka," alisema.

Geresom alidhani anampa nafuu. "Basi yamekwisha. Hata na nyongeza yao wasingekuchukua. Lala usingizi sasa."

"Ndiyo, afande."

Akampa dawa yake ya kikohozi, akamkumbusha asiinywe na pombe, naye akacheka akaondoka, gazeti akaliacha. Topista alichukua kalamu. Pembeni mwa ukurasa alianza hesabu upya, safari hii akiweka gredi ambayo angepata kama angeishika bureti muhula ule.

Alipita.