Nikichota Maji Karagita, Simu ya Mume Wangu Inalia Mai Mahiu

Admin, niwekee hii bila jina, kwa sababu shemeji zangu wote wako kwa hii page na comments wanazisoma kuliko Biblia.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, naishi Karagita hapa Naivasha. Nafanya kazi ya kupanga maua kwa farm moja. Mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko Mai Mahiu ama barabarani, nyumbani anakuja wikendi moja moja. Hanichapi, hanywi, karo analipa. Nawaambia mapema ndio msianze kuniandikia "toka huko" kabla hamjamaliza kusoma.

Shida yangu ni mashine ya maji.

Zamani hapa tulikuwa tunategemea maji ya punda. Unapigia mtu wa mkokoteni simu, anakuambia yuko hapo kwa kona, halafu anakuja kesho. Na maji yenyewe ni hayo yaliharibu meno ya kifungua mimba wangu, yakawa na madoa ya kahawia mpaka akicheka anafunika mdomo. Kisha ikaletwa hii tunaita ATM ya maji, karibu kabisa na plot yetu ya nyumba za kupanga. Unaweka pesa kwa simu, unagusisha token, kile kidude cha plastiki cha kufunga pamoja na funguo, na maji safi yanatoka. Sitaisema vibaya. Wenye waliileta Mungu awabariki.

Lakini siku walipita wakiandikisha watu, mimi nilikuwa kazini na mzee wangu alikuwa nyumbani. Akapeana namba yake. Hivyo ndivyo ilikuwa kwa nyumba nyingi hapa, mwenye alipatikana ndiye aliandikishwa. Hakuna mtu alituambia kwamba kila ukichota, meseji inaingia kwa hiyo namba ikisema saa ngapi na maji kiasi gani.

Mwanzo ilikuwa mchezo. Ananipigia akicheka, "Naona leo umefua," na mimi nacheka. Sijui kicheko kiliishia wapi. Polepole ikawa mbona umechota saa tisa na kazi unatoka saa kumi? Tulirudishwa mapema, maua yalikuwa machache. Mbona jana hukuchota kabisa, ulilala wapi? Nilikuwa na maji ya juzi, baba watoto. Jamani, mtu mzima anaeleza ndoo zake kama ako kortini!

Halafu Nekesa, jirani yangu wa mlango wa pili, akajifungua. Wenye mnaishi plot kama yetu mnajua, mama akitoka hospitali na mtoto hagusi mtungi. Sisi wamama tunamchotea kwa zamu mpaka apate nguvu, na hakuna kuulizana wewe ni wa wapi. Zamu yangu ilipofika nikachota ya kwangu, nikachota ya nepi, ya uji, na ya wageni wa kuona mtoto. Kumbe huko Mai Mahiu simu inalia tu. Akanipigia na ile sauti yake ya chini, ile ya hasira.

"Ni mwanaume gani unafulia?"

Nilimweleza. Nikampa Nekesa simu akamweleza, mtoto akilia hapo hapo. Akasema tumepanga. Akapigia watu wa mashine wakafunga token, maana iko kwa jina lake. Nikaenda asubuhi kuchota, nagusisha, taa nyekundu. Nagusisha tena, nyekundu, na watu wamejipanga nyuma yangu na mitungi wanaguna. Nilirudi na mtungi mtupu nikilia kwa hasira, na wale wamama ndio walinichotea.

Nikaenda ofisini kwao. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, lakini akasema token inaweza kufunguliwa na mwenyewe tu. Nikamuuliza, na mwenye kubeba mitungi ni nani? Mwishowe akaniambia naweza kuchukua yangu, kwa namba yangu. Nikachukua.

Wikendi hiyo mzee akaja, dada yake mkubwa akamkemea sana, akakubali kufungua ile yake. Lakini na masharti: nichote jioni tu, maji ya nyumba yetu tu. Kisha akasema mbele ya dada yake, "Siku utachukua token yako mwenyewe, ujue umeamua kuishi peke yako."

Na mimi wakati huo ninayo tayari, iko kwa mfuko wa aproni ya kazi. Nikawaongezea chai.

Mama Shiro, rafiki yangu hapa plot, anaona hii ni rahisi. Anasema nichote kidogo jioni na ya mzee ndio simu yake ishibe, hiyo ingine nichote na yangu. Wamama wote wanacheka. Mimi sicheki. Kwani naiba? Maji nalipa na jasho langu, halafu nijifiche nayo kama mwizi? Na siku ataipata kwa mfuko wangu, kila kitu alinishuku kitakuwa kweli kwake, na hakuna mtu atanitetea, hata huyo dada yake.

Sasa kesho zamu ya Nekesa imenirudia. Nikichota na token ya mzee, ataona. Nikichota na yangu, nimeanza kuficha. Nikimruka Nekesa, siku nitalala mgonjwa nitaangalia nani usoni? Na Jumamosi mzee anakuja.

Huyu mtu nampenda, msinielewe vibaya. Lakini nimechoka kuulizwa maji. Hizi token mbili ziko hapa mezani nikiwaandikia. Niambieni nyinyi wenye mmekaa kwa ndoa: kesho asubuhi nibebe gani?