Barabara Iliyofuata Milamula

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi mjini Bukoba. Mpima ardhi alikwenda shambani na mnyororo wake wa kupimia, akarudi na kitabu cha vipimo, nami nikachora alichoandika. Nilijivunia mistari isiyo na doa la wino.

Mpima ardhi wetu alikuwa mgeni, mtu wa kusini. Kabla hajaenda kijijini kwetu Muleba aliniuliza Wahaya wanatambuaje mipaka, kwa kuwa barabara mpya ilitakiwa ipite mipakani, kibanja cha mtu, shamba lake la migomba, kisikatwe katikati. Nilimjibu upesi, kijuaji: ukiona milamula, vile vijiti vya kijani tunavyopanda kuwa alama, imepandwa mstari, hapo ni mpaka. Nilisahau kwamba mama alipanda milamula minne kwenye kaburi la baba, katikati ya migomba, kwa sababu hatukuwa na saruji.

Kitabu kiliporudi niliona kibanja cha mama, na ndani yake alama nne za mlamula zimeandikwa mpaka. Barabara ilipangwa ipite juu ya alama hizo. Nilielewa palepale. Meza ya mkuu wa ofisi ilikuwa hatua sita tu, lakini kwenda kwake kulikuwa kukiri kwamba kosa ni langu. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki, na wala hayakuwa yamemwagika bado. Nikachovya kalamu, nikachora.

Wafyekaji walipofika, mama hakugombana nao. Aliwaambia wasubiri, mwanawe yuko kwenye ofisi ya ramani, atakuja kurekebisha. Alinitumia ujumbe kwa mtu aliyekuja mjini kuuza kahawa, ukanifikia Hamugembe nilikopanga. Nilimshukuru yule mtu, nikamkaribisha chai. Sikwenda.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Barabara ilikuwa imeshapita, pana na nyekundu, na kwa kweli ilinyooka vizuri. Sikusikia uchungu, na hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilikaa karibu naye nikamweleza yote: swali la mpima ardhi, jibu langu, kalamu yangu, ujumbe wake niliouacha.

Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi, akaitia chunguni.

"Mwana wange," alisema, "siku mbili nzima niliwapikia wale watu, ili wakungoje."