Kujenga Upya, Kujenga Ubaya

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, na neno moja la Kiswahili nusura limnyime mama yangu mkono.

Mama aliungua mkono wa kulia kwa mafuta ya kukaangia mahamri. Jeraha lilipona, lakini kovu likavivuta vidole hadi vikajikunja kiganjani, na hapo vikaganda. Kula kwa kushoto alikataa katakata, kwa hiyo akawa anabana kijiko kwenye ngumi. Hayo aliyazoea. Kilichomuumiza ni arusi ya mdogo wangu.

Kwetu Wasomali mama ndiye humjengea binti anayeolewa aqal, ile nyumba ya fito na mikeka ambayo wafugaji huibomoa na kuihamisha kwa ngamia. Hata sisi wa mjini, wenye nyumba za mabati, huijenga uani kwa heshima. Mama alikulia upande wa Hulugho, kwa wafugaji, na hakumbuki amejenga mara ngapi. Fundo la kwanza la kufungia fito ni la mama wa bibi arusi. "Nani atafunga?" aliuliza.

Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana wa kutoka bara, aliugeuzageuza ule mkono kwa upole, akasema, "Usijali, mama. Huu tutaujenga upya."

Mama akainuka, akavuta shungi lake. "Twende, hooyo," aliniambia, maana kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Huyu mwenyewe nasema atajenga ubaya."

Nilicheka, wallahi, mahali pasipo pa kucheka. "Si ubaya, hooyo. Ubya!" Nikajisikia nilivyotamka. Kisomali hakina p; miaka yote hiyo mbele ya ubao, na siku ya shida p ikanitoka b kama ya mama yangu. Yeye alikuwa keshafika mlangoni.

Nikakimbilia Kisomali. Neno lililonijia ni lile la redioni, dib-u-dhis, wanalotangazia ujenzi wa barabara na miji iliyobomolewa na vita. Nikaharibu zaidi.

"Mimi ni Mogadishu?" aliuliza.

Hapo nikakasirika, na hasira yenyewe ilikuwa woga. Nikamwambia daktari aache majina makubwa, aseme mikono yake itafanya nini. Akaeleza. Angekata kovu, avinyooshe vidole, kisha achukue ngozi kidogo pajani azibe palipobaki wazi. Baadaye yangefuata mazoezi, na yangeuma.

Nikafasiri neno kwa neno. Mama akarudi kitini.

"Mkeka ya mlango ikiisha," alimwambia daktari kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi natoa kibande ya nyuma, huko hakuna mtu naona, naziba mbele."

"Ndivyo hasa, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

Daktari, mtu mkweli, akamwonya kwamba mkono hautakuwa kama wa zamani. Mama akamtazama kwa huruma, kama ndiye mgonjwa. "Nyumba ikihama, inarudi kama zamani? Fito nafunjika, kamba nabotea. Lakini watu nalala ndani."

Nimefundisha "kujenga upya" miaka mingi nikidhani maana yake ni kurudisha kitu kilivyokuwa. Niliona haya, na nilifurahi.

Alipasuliwa. Kwa mazoezi alipewa mpira laini wa kuminya, akawapa wajukuu, akachukua kipande cha kamba. Kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye jamvi akifunga na kufungua, akilaani kwa sauti ya chini. Kuna siku alikitupa. Kesho yake nilimkuta nacho tena.

Siku ya kujenga, shangazi na majirani walijaa uani. Fito mbili zilikuwa zimeinamishwa zikakutana, nikazishika mimi. Mama akapitisha kamba, ikamponyoka. Akapitisha tena, ikamponyoka. Shangazi mmoja akanyoosha mkono kusaidia, mama akamkata jicho. Mara ya tatu kamba ilizunguka, akaikaza kwa vidole vitatu na meno.

"Haya, mwalimu," alisema, akihema. "Sasa hii ni ubya ama ni ubaya?"

Nililitazama lile fundo. Lilikuwa limekaa upande, nene, baya kabisa. Nikazitikisa fito kwa nguvu zangu zote, huku nikilia mbele ya watu, na fundo halikusogea.