Mkalimani wa Mwenyekiti

Jamani, nimejifungia nyumbani kwangu hapa Lodwar mchana kweupe, na silikimbii jua.

Kampeni zilizopita nilikuwa mkalimani wa mwenyekiti wa kile chama cha wanyonge, wale wa kofia nyekundu. (Yangu bado ninayo. Natamani kuichoma.)

Yeye anasema Kiswahili, mimi nageuza kwa Kiturkana. "Maji si biashara, maji ni haki yenu!" Nilipaza sauti hadi koo likanikauka.

Leo amerudi, chama chake kikiwa madarakani, nami nikaitwa tena.

Safari hii anasema kisima chetu kinapewa kampuni, na kila mtungi utalipiwa.

Nikashusha kipaza sauti.

Akanikazia macho. "Tafsiri, komredi."

Nikatafsiri. Ningefanyaje mbele ya watu wote wale?

Kisha akina mama wakasimama na maswali, na yeye huyo akaingia garini, vioo juu. Nikakimbilia mlango. Dereva akaniambia gari limejaa, nitafute boda.

Vumbi lilipotulia, shangazi yangu Akiru alikuwa amenishika mkono. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Yule hatukuelewa hata neno lake moja," akasema. "Aliyetuahidi maji ni wewe. Kura tulikupa wewe."

Sasa wameketi mlangoni kwangu na mitungi mitupu. Hawapigi kelele. Wanangoja tu.

Ingekuwa wewe, ungefungua?