Sakafu ya Mbuzi

Harufu ya nailoni mpya dukani hunichekesha peke yangu. Baba aliongeza chumba nyumbani Kitengela, akatandika nailoni nyeusi chini ili unyevu usipande sakafuni. Mbuzi wake wakaingia, wakairukia wee, kwato zikaitoboa!

"Hakuna mbuzi ameingia hapa," baba akamwapia mama, kisha akamwaga simiti mbiombio.

Mvua zilipokuja, sakafu ikatoa madoa ya maji, mawili mawili, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kwetu kuhesabu mifugo ni kuitia mkosi. Mama akainama, akanyoosha kidole kwenye doa la kwanza.

"Moja..."

Baba akavua koti la kanisani, akalitupa juu ya madoa. "Mama watoto, tafadhali, usiwahesabu!"

"Nisihesabu akina nani?" mama akauliza.