Waliyemfuta kwenye Seva

Kwao husemwa kwamba Dada alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga alipompiga kofi ili alie, alilia kama mtu anayedai maelezo. Hasira zake ni moto wa mabua: zinalipuka, zinaunguza nyusi za waliokaa karibu, kisha zinazimika. Kila aliyefanya kazi katika lile duka la uchapaji ameshazionja. Mteja akileta picha yenye ukungu akitaka itoke safi, ataambiwa arudi akampige picha upya huyo mtu. Mashine ya kukatia karatasi ikikwama, itatukanwa mpaka ione haya. Lakini moto wa Jumatatu ile haukuwa wa mabua.

Simu ilimkuta mikono imo kwenye beseni la kufulia. Alikuwa mdogo wake, ambaye alilianzisha duka pamoja naye.

"Dada, hiyo seva yako imetuangusha. Folda tunaiona, ukiibonyeza inakataa. Njoo, mwalimu mkuu amekaa hapa anasubiri vyeti vya watoto."

"Leo imekuwa yangu? Ikifanya kazi ni ya duka, ikigoma ni ya Dada!"

Akakata simu, akaziacha nguo majini, akaondoka.

Kusema kweli, seva ilikuwa yake. Ilikuwa kompyuta kuukuu, aliyoiokota ikitupwa na ofisi aliyokuwa akifanyia kazi zamani. Mfumo wa Windows ulikuwa mzigo mzito kwa mashine hiyo, hivyo Dada akajifundisha Linux, mfumo mwepesi zaidi, akauweka humo, na mashine ikasimama nyuma ya kikata karatasi ikihifadhi kila kazi ya duka. Kompyuta tatu za mbele, zote za Windows, zilichota na kurudisha kazi kwenye folda moja waliyochangia wote. Duka lilipofunguliwa, kila mtu alipewa jina lake na neno lake la siri. Wiki haikuisha, mdogo wake akasahau lake, Mama Pacha anayesanifu kadi akachanganya lake na la simu, na Dada akachoka kuitwa kila saa. Kwa hasira akaziingiza kompyuta zote kwa jina lake, akaziamuru zilikumbuke. Tangu hapo duka zima liliingia kwenye seva likijiita dada, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Alipofika alimkuta mwalimu mkuu kwenye benchi, mkoba mapajani, macho kwenye printa iliyonyamaza. Sherehe ya wahitimu ilikuwa mchana huohuo. Mdogo wake hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Yule injinia wa kompyuta niliyemkodi anasema dawa ni moja. Tuifute Linux yako, tuweke Windows kila mahali, zielewane."

"Injinia wako akiumwa jino hukatwa kichwa?"

Akaanza na waya. Ulikuwa mzima. Akaita seva kutoka kompyuta ya mbele, ikaitika. Akabonyeza folda, ikamjibu kwamba haruhusiwi. Basi mtandao haukuwa na kosa. Mlango ulikuwepo, ila mwenye mlango alikataa kufungua. Dada akapita nyuma ya kikata karatasi, akakalia boksi la karatasi, akaandika jina lake na neno lake la siri kwenye seva yenyewe. Ikamkataa. Akaandika tena polepole, kidole kimojakimoja. Ikamkataa.

Ilibaki akaunti kuu ya mashine. Akaingia kwa hiyo, akaagiza orodha ya faili. Kila faili huonyesha jina la mmiliki wake, na miaka yote pale palisomeka dada. Sasa palikuwa na namba tupu, faili hata faili, mpaka mwisho wa kioo. Linux humjua mtu kwa namba. Jina ni kwa faida yetu sisi wasomaji. Mtu akifutwa, jina huondoka, namba hubaki imeng'ang'ania kwenye kila alichokifanya.

Dada aliitazama ile namba. Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma.

"Nani amenifuta?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. Mama Pacha akaacha kufunga bahasha.

"Injinia alipita Ijumaa," mdogo wake alisema, akiongea na sakafu. "Nilimwambia asafishe majina yasiyotumika."

"Yasiyotumika! Kompyuta zako zote zinaingia kwa jina langu, halafu mimi situmiki?"

"Mwambie tu, Bosi," Mama Pacha alisema. "Mwambie habari ya yule mtu wa mashine kubwa."

Ndipo ikatoka. Kulikuwa na mtu aliyetaka kuleta mashine kubwa ya kuchapia na kuwa mshirika, kwa sharti kwamba duka lisiwe na vichwa viwili. Dada angeondolewa taratibu, asishtuke.

"Una maneno makali, Dada. Wateja wanakuogopa."

"Ndiyo, makali! Lakini nayasema usoni pa mtu! Nimekubeba mgongoni utotoni, nimekufundisha kushika kipanya, leo unanifuta kwa mkono wa kukodi? Mdomo wako umeliwa na nini? Hukusikia usitukane wakunga na uzazi ungalipo? Haya, zaa mwenyewe!"

Akachukua mkoba wake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba machozi yalikuwa karibu. Alikuwa mlangoni mwalimu mkuu aliponyanyuka. Hakumbembeleza.

"Dada," alisema, "watoto wameshavaa."

Dada akasimama. Watoto hawakumfuta mtu. Akavuta pumzi, akalaani kimoyomoyo ukoo mzima pamoja na yeye mwenyewe, akarudi kwenye boksi lake. Akajiandikisha upya kwenye seva kwa jina lilelile, neno la siri lilelile, na juu ya yote, namba ileile, kila faili ikarudi kuwa yake. Mama Pacha akabonyeza, folda ikafunguka. Printa ikakohoa, cheti cha kwanza kikatoka na jina la mtoto limenyooka katikati.

"Tumepona," mdogo wake akashusha pumzi. "Tutaongea, Dada."

"Sijamaliza. Njoo uandike jina lako."

Akamfungulia akaunti yake mwenyewe, akaisahaulisha kompyuta yake jina la dada, akamwingiza kwa lake. Folda ikafunguka kama kawaida. Mdogo wake akatabasamu, akidhani amesamehewa.

"Nguo zangu ziko majini," Dada alisema, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu mkuu alipokwisha kuondoka na vyeti, mdogo mtu aliketi. Alikuwa amemwahidi yule mshirika kwamba akija kesho atakuta kila kitu kwa jina la kampuni mpya. Akalishika jina la folda ya kazi zote za duka, akaandika jipya, akabonyeza. Kioo kikamwambia: unahitaji ruhusa ya dada ili kuibadilisha folda hii.

Akabonyeza kujaribu tena. Maneno yakarudi yaleyale.

Mama Pacha, aliyekuwa nyuma yake na bahasha mkononi, akayasoma kwa sauti, duka zima likasikia.

"Mpigie, Bosi," alisema. "Ila ngoja kwanza amalize kufua."